Laptopu ya GB 4: Geany au Android Studio?

Mdogo wangu wa Chumbageni, umesema laptopu yako ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, unajifunza Python, na mwakani unataka kutengeneza programu za simu. Kwa sasa weka Geany, programu ya kuandikia kodi. Ni nyepesi, na ukibonyeza F5 programu yako inaendeshwa. Hifadhi faili kwanza kwa jina linaloishia na .py, la sivyo Geany haitajua ni lugha gani. Na unaposakinisha Python kwenye Windows, weka tiki kwenye kisanduku cha PATH, yaani orodha ya mahali Windows inapotafuta programu. Wengi wanakiruka, kisha wanailaumu Geany.

Android Studio, ya kutengenezea programu za simu za Android, ni mzigo mwingine. Inadai RAM ya GB 8 kwa uchache, na ukitaka emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), 16. Kwenye GB 4, Windows inageuza diski kuwa RAM ya akiba, na diski ya kuzunguka haina mbio hizo. Ndipo mashine inaganda, wala si virusi. Anza kuongeza RAM, SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ifuate. Fundi aangalie kwanza kama RAM yako ni ya aina ya DDR3 au DDR4, haziingiliani.

Hata ukishaongeza, emuleta achana nayo, tumia simu yako: kwenye mipangilio, Kuhusu simu, gusa Nambari ya Muundo mara 7, kisha washa Utatuzi wa USB (USB debugging), ili Android Studio iendeshe programu yako kwenye simu hiyo kwa waya. Mradi wa kwanza Gradle, chombo cha Android Studio cha kujenga programu, inashusha mafaili mengi, kwa hiyo usiufungue kwa bando la saa.