Muulize Fundi: Kruza inakosa nguvu ikipata moto

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kizota hapa Dodoma, nina Land Cruiser FJ40 ya petroli, injini 2F, aliniachia marehemu baba. Asubuhi inawaka fresh tu, ila ikishapata moto inakuwa nzito, tukienda Iringa kwa njia ya Mtera ule mlima wa Nyangoro inapanda kwa gia ya 1, nikisimama inazima na haiwaki mpaka ipoe, halafu petroli inanuka pale kwenye kabureta. Nimebadilisha plagi na koili, kabureta imefunguliwa mara 2, sasa fundi mmoja anasema ni ringi za pistoni, nishushe injini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Injini usiishushe kwanza, tafadhali. Ringi zikiisha gari inakula oili na inatoa moshi wa bluu, na wewe hujanitajia hata kimoja.

Fungua boneti gari ikiwa imelala usiku kucha, angalia manifoldi ya ekzosi, chini ya kabureta utaona kichuma kizito kipo kwenye shafti na pembeni kuna springi ya kujizungusha kama ya saa. Hiyo ni valvu ya joto. Injini ikiwa ya baridi valvu inafunga njia, moshi wa moto unapelekwa juu kuchemsha sehemu ya chini ya kabureta ili petroli igeuke mvuke vizuri, injini ikishapata moto springi inalegea, valvu inafunguka na moshi unaenda zake kwenye bomba. Sasa kwenye magari haya ya zamani shafti inashika kutu na masizi, inakwama. Ikikwamia imefunga ndo hayo yako yote, moshi hautoki vizuri, nguvu inapotea, petroli inachemka ndani ya kabureta. Ikikwamia wazi ni kinyume chake, asubuhi za Julai hapa Dodoma gari inasitasita na choki huiachi.

Kishike kile kichuma kwa mkono uzungushe, kinatakiwa kiende na kirudi chenyewe. Kikiwa kigumu umempata mchawi. Kikienda, washa gari ikiwa bado ya baridi, mtu apige resi ya ghafla, lazima kicheze, na ikipata moto kiwe kimehama pale kilipokuwa (hapo usiguse, utaungua).

Kukifungua, weka mafuta ya kufungulia nati zilizoshika kutu kwenye ncha zote 2 za shafti, iache mpaka kesho, gonga shafti taratibu kwa nyundo ndogo huku na huku, rudia hata siku 3. Usiwashe gari mpaka yakauke. Oili ya injini usiweke kabisa, inaungua inageuka masizi na inakwama upya, mimi nimeshaona watu wanarudia kosa hili kila mwaka. Na usigonge kwa hasira, hiyo manifoldi ni chuma cha kalibu, ikipasuka kuipata nyingine ni kazi kweli.

Springi ikiwa imekatika na hupati nyingine, funga kichuma kwa waya valvu ikae WAZI. Kwa joto letu utavumilia kusubiri kidogo asubuhi, ila kuikazia imefunga ni kuiua injini.

Valvu ikiwa laini na Nyangoro bado inakushinda, kagua bomba na saileza, huenda vimeziba kwa ndani.