Maswali ya Wasomaji: Kutoka kwa Kundi Kutazama Ndege Wanaohama

SWALI: Ndugu Mhariri, nimealikwa kujiunga na kundi la watu 12 ambao, majira ya kuchipua yanapofika kaskazini mwa dunia, hutoka alfajiri kwenda kutazama ndege wanaorejea kutoka kusini. Nina mashaka mawili. Kwanza, sielewi ndege wataachaje kutoroka wakiona watu wote hao wanawajia. Pili, sijawahi kutumia darubini, nami naona haya kusema sikumwona ndege ambaye wenzangu wote wamemwona. Je, si afadhali niende peke yangu?

JIBU: Nenda nao, ndugu yangu, ingawa mashaka yako yote mawili yana msingi.

Sababu ya kuamka mapema ndiyo inayojibu hofu yako ya kwanza. Ndege wadogo waimbaji walio wengi husafiri usiku, wakati hewa imetulia na kupoa, na nyota huwasaidia kushika njia. Mchana huutumia kula. Korongo na tai ndio wanaosafiri mchana, kwa sababu hutegemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini iwainue, na kwa hiyo hukwepa bahari pana wakakusanyika kwa maelfu penye milango myembamba ya bahari kama Bosporus nchini Uturuki na Gibraltar kati ya Hispania na Moroko. Ndege wa gramu 10 hivi anayetua kunapopambazuka, baada ya usiku mzima hewani, ana shughuli moja tu, nayo ni kurudisha mafuta aliyoyatumia mwilini. Saa chache za kwanza baada ya jua kuchomoza hurukaruka kwenye ncha za matawi akidonoa viwavi katika majani machanga, na mtu aliyetulia hamshughulishi sana.

Asubuhi moja, baada ya usiku wa upepo wa kusini uliokatizwa na mvua karibu na alfajiri, kundi letu lilimkuta mmoja akila chini kabisa, hatua mbili kutoka kwenye viatu vyetu, manyoya ya kifuani yameshikana kwa maji. Aligeuza jani kavu, akachukua kilichokuwa chini yake, akageuza jingine. Hakuna aliyeambiwa anyamaze. Tulisimama vivyo hivyo mpaka alipoondoka mwenyewe. Hali ya hewa ya namna hiyo ndiyo inayowashusha ndege kwa wingi, hasa kwenye rasi zilizoingia majini, kama Point Pelee nchini Kanada, katika Ziwa Erie, ambako waliochoka hutua kwenye nchi kavu ya kwanza wanayoifikia.

Kinachowafukuza zaidi ni mwendo wa ghafla: mkono ulionyooshwa kwa haraka, au mtu anayempita kiongozi ili aone kwanza. Watu 12 wanaotembea kidogo na kusimama sana hawana madhara. Mimi nisingependa wazidi hapo. Nao wana faida ambayo mtu mmoja hana, kwani majani yakishakunjuka ndege husikika kabla ya kuonekana, na mzoefu aliye kando yako atakutajia mwenye sauti papo hapo, ingali masikioni.

Kuhusu darubini, tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Inayokuza mara 12 humvutia mgeni, lakini hukuza pia mtetemeko wa mikono na kuonyesha eneo finyu. Ukimwona ndege, usiinamishe macho kuitafuta darubini. Mkazie macho, kisha ipandishe darubini mpaka machoni.

Liko jambo linalotutatiza sisi tunaozungumza Kiswahili. Viongozi wengi huelekeza kwa kuufananisha mti na uso wa saa, kilele kikiwa 12. Sasa akisema “saa tatu”, mmoja atatazama kulia, penye namba 3, na mwingine kushoto, penye 9, kwa kuwa ndipo mshale mfupi ulipo saa tatu asubuhi. Kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba inafuatwa namba iliyoandikwa.

Na usipomwona, sema hukumwona. Anayeitikia tu humnyima kiongozi nafasi ya kuelekeza upya, na akiandika daftarini ndege asiyemwona, kumbukumbu za siku hiyo haziaminiki tena.

SWALI: Katika kundi letu yupo mwenzetu anayefungulia sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili wajitokeze. Je, kuna ubaya?

JIBU: Upo, na katika majira haya ni mkubwa. Katika jamii nyingi za ndege, madume hutangulia kufika ili wawahi eneo la kuzalia kabla ya majike. Dume akisikia sauti ya mpinzani huacha kula na kutumia nguvu chache alizobaki nazo kumsaka adui asiyekuwapo, na kundi likija kesho na keshokutwa na simu ileile, atafanya hivyo kila siku. Mwombe kiongozi alitangaze katazo hilo kwa wote mwanzoni mwa matembezi, pamoja na maelezo ya njia na muda wa kurudi, ili mwenzenu asione kwamba amelengwa yeye.