Sinki la piano, mixa ya sensa, koki ya juu ya jiko: kabla hujatoa hela angalia kwanza tenki lako

Kila ukifungua simu siku hizi ni jiko la mtu. Sinki jeusi lina vitufe vya piano, ukibonyeza kimoja maji yanashuka mapana, ukibonyeza kingine unaosha mboga, pembeni kuna kidude unagandamiza glasi inajiosha, mixa, yani koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi, ina taa inabadilika rangi kufuata joto la maji, halafu chini wameandika ofa, delivari bure Dar nzima. Na kwa vile nimejenga jiko langu kuanzia zege mpaka kabati na nimeshasimama na mafundi bomba kwenye majiko ya ndugu na majirani, swali ninaloulizwa kila mara ni hilo hilo, dada hii vipi, nichukue?

Kuna vya kuchukua, ila vingi viache. Na kinachoamua sio uzuri wala bei, ni maji yako yanatoka wapi na yanafika jikoni na nguvu gani, jambo ambalo muuzaji hatakuuliza hata siku moja.

Vitu hivi vimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo maji yanatoka kwenye bomba la mtaa moja kwa moja, masaa yote, presha ya bar 2 au 3, bar ndio kipimo cha presha. Sisi wengi Dar maji yanaanzia kwenye simtanki, yameingia siku ya mgao wetu au boza limemwaga au yamevutwa kisimani, halafu kutoka hapo yanashuka yenyewe tu mpaka jikoni. Hesabu yake haihitaji uinjinia, kila mita 10 za urefu zinakupa bar 1. Sasa chukua mnara wa mita 3, tenki maji yako nusu, koki ya sinki iko kama mita moja kutoka sakafuni, unabaki na mita mbili na kitu za kushuka, yani haifiki hata bar 0.3, na hapo bado hujatoa kinachoishia kwenye elbo na bomba za nusu inchi ambazo fundi amezizungusha nyumba nzima. Geuza boksi la mixa usome maandishi madogo, nyingi zinataka kuanzia 0.5 na nyingine 1. Ili upate 0.5 bila pampu maji yawe juu ya koki kwa mita 5. Mwenye ghorofa tenki liko juu ya slabu na jiko liko chini anaweza kufika, wewe mwenye nyumba ya chini na mnara mfupi hufiki, labda uweke pampu.

Wifi yangu aliliweka hilo sinki la piano, zuri kweli, mtu akiingia jikoni kwake lazima aguse. Tulipofungua siku ya kwanza ile sehemu ya maji mapana ikatoa maji yanayofuata ukuta wa sinki kwa upole, kidude cha glasi kikatoa matone, na kale kaskrini ka joto hakakuwaka kabisa kwa sababu kanatumia umeme wa kajenereta kadogo kanakozungushwa na maji yenyewe, maji yakiwa mzembe hakuna taa. Fundi akaangalia, akajifuta mikono, akasema "Mama, sinki halina tatizo, hapa presha ndio hamna." Wifi akanigeukia, "Wifi, sasa si bora angesema kabla hajatoboa graniti?" Ikabidi inunuliwe pampu ya presha, ikaja na gharama zake, na umeme ukikatika sinki linarudi kuwa pambo.

Kwa hiyo pima kabla. Chukua chupa tupu ya maji ya lita 1.5, kinga kwenye koki uliyonayo sasa hivi ikiwa imefunguliwa yote na tenki likiwa nusu, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 15 unapata lita 6 kwa dakika, jikoni inatosha na unaweza kuanza kufikiria vitu. Ikichukua nusu dakika au zaidi, achana kwanza na mambo ya vitufe, angalia mnara, angalia bomba, angalia kama geti valvu ya chini ya tenki imefunguliwa yote maana mara nyingine tatizo linakuwa ni hilo tu.

Cha pili ni uchafu na chumvi, na hapa ndipo mixa nyingi za watu zinapofia. Mixa ya mkono mmoja ukitaka kuona ndani funga maji, toa kale kaplagi kadogo chenye rangi nyekundu na bluu kwenye mpini, ndani kuna skrubu ya alenki, legeza, chomoa mpini, fungua kofia, kisha nati, unatoa kitu cha plastiki kama cha kiganja nusu kinaitwa kartriji. Humo ndani kuna visahani viwili vya kauri vimekaa kimoja juu ya kingine, vinateleza kufungua na kufunga maji, vimesuguliwa laini kiasi kwamba ukivibana vinagandana. Punje moja ya mchanga ikipita katikati inachora mstari, na kwenye huo mstari ndio maji yanaanza kudondoka usiku ndo, ndo, ndo, na hata ukaze vipi hayaachi. Sasa maji ya boza, na maji yanayokuja baada ya bomba la mtaa kupasuka na kuungwa, na kisima kisicho na chujio, yote yana mchanga. Ile koki ya zamani ya kuzungusha yenye washa ya mpira ilikuwa inavumilia, ikianza kuvuja unabadilisha washa ya bei ya pipi maisha yanaendelea. Hizi mpya hazivumilii.

Dawa ipo na sio ghali, weka chujio kwenye bomba linalotoka tenki kabla halijaingia ndani, lile la kufungua na kusafisha wavu, na tenki lenyewe lioshwe. Mimi hilo chujio naliona la maana kuliko mixa yoyote. Na ile nyavu ndogo ya mdomoni mwa koki uwe unaifungua, loweka kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha, asubuhi unaona ule ukoko mweupe unatoka wenyewe. Watu wanabadilisha mixa nzima kumbe imeziba hako kawavu.

Wa kisima cha chumvi, nyie wa Kigamboni na kule pembeni pembeni ya bahari mnajua wenyewe, rangi nyeusi msiiguse. Kila tone likikauka linaacha duara jeupe na ukilisugua na steel waya unaondoka na rangi. Chukua ile ya kung'aa ya kawaida au ya stenlesi iliyoparazwa, doa halionekani sana. Na wale wanaokuja dukani na sumaku kupima sinki, samahani, stenlesi ya daraja la 304 ambayo ndio nzuri na ile ya 201 ambayo inapata kutu haraka zote hazivutwi na sumaku kwa maana, kwa hiyo hapo hujapima kitu. Angalia unene wa bati, gonga chini, linganisha uzito, nunua kwa mtu ambaye utamkuta pale pale mwezi ujao.

Mixa ya sensa, ile ya kupitisha mkono. Wazo lake zuri, umetoka kupara samaki mikono ina magamba hutaki kushika mpini. Lakini ndani kuna valvu ya umeme ambayo nayo inataka presha, kuna betri, nyingi ni nne za AA, na dada wa kazi akipitisha sahani tu inafunguka, mtoto akigundua ndio mchezo wake wa jioni. Na ikifa huwezi kuipeleka kwa fundi bomba, huwezi kuipeleka kwa fundi umeme, wote wawili watakuangalia tu. Kama shida yako ni mikono michafu nunua mixa yenye mpini mrefu unaosukumwa na kiwiko, wanatumia mahospitalini miaka yote.

Koki ya umeme ya kuchemsha maji hapo hapo, hii naisema kwa ukali kidogo. Nyingi ni wati 3,000. Gawanya kwa 230 unapata ampea 13, ndio mwisho kabisa wa uwezo wa soketi ya kawaida, na zinakuja na plagi unachomeka nyuma ya friji kwenye ekstenshen. Dakika 20 za kufungua unakula uniti moja ya luku. Na nyumba nyingi za zamani waya wa ethi haupo au upo haujaunganishwa popote, sasa umeshika chuma chenye maji na umeme. Kwa Dar sioni sababu, mchana wa Januari maji ya tenki yanatoka ya uvuguvugu bila kuombwa. Mtu wa Njombe au Mbeya ndio nitamwelewa, mwezi wa saba kule kuosha vyombo ni adhabu, lakini na yeye nitamwambia avute waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi na ethi ipimwe, au aweke hita ndogo ya tenki chini ya kaunta.

Halafu kuna kitu nimekiona kwenye majiko mengi, mixa ya moto na baridi imewekwa, hosi zote mbili zimeungwa na tii kwenye bomba moja la baridi. Mpini ukienda kushoto baridi, kulia baridi. Umelipia mixa ya nini? Kama hujapitisha bomba la moto ukutani na huna mpango nalo, nunua koki ya shingo ndefu ya maji baridi peke yake, zipo na nzuri na bei iko chini sana.

Ile koki ya ukutani juu ya jiko ya kujazia sufuria, mimi hapana. Sufuria la pilau la watu wengi hatulipikii kwenye jiko la gesi la ndani, linapikwa nje kwenye mafiga, na maji unayojaza ukimaliza utayamwaga wapi, utayabeba tu mpaka sinki. Umetoboa ukuta, umepitisha bomba ndani ya tailizi, ikivuja unavunja.

Mashine ya kusaga mabaki ya chakula kwenye tundu la sinki hata sijui nianzie wapi. Machicha ya nazi yanajisokota humo, mifupa ya samaki, maganda ya mihogo, na kila kilichosagwa kinakwenda kwenye chemba na shimo lako mwenyewe, sio kwenye bomba la jiji, maana nyumba nyingi hapa hazijaunganishwa na mfumo wa majitaka. Shimo litajaa mapema utaita gari la kunyonya. Mabaki kuku wanayataka.

Sasa vinavyofaa. Koki ya shingo ndefu inayozunguka, hii hata sibishani na mtu. Kipimo changu ni ndoo ya lita 20, je inaingia chini ya mdomo wa koki ikiwa imesimama ndani ya sinki? Mnaokumbuka mwisho wa 2022 mto Ruvu ulivyopungua tukawekwa kwenye mgao mnajua jiko lisilokubali ndoo lilivyo mzigo. Sinki moja pana lenye kina cha sentimita 20 na kuendelea linashinda yale ya vishimo viwili vidogo, sufuria kubwa inalala yote. Koki ya kuvuta yenye shawa nayo naipenda kama presha yako imepita ule mtihani wa chupa, ukishazoea kusuuza kona za sinki nayo huwezi kurudi nyuma, ila angalia hosi ya ndani ina kamba za chuma au nailoni nzuri na ule uzito wa kuirudisha upo.

Sinki la ukubwa wa ajabu lisikufanye ukate graniti kabla hujajua westi yake, kile kifaa cha kwenye tundu la kutolea maji, inapatikana. Yale ya piano mengi tundu lake ni kubwa kuliko la kawaida, kikapu cha kuchujia kikipotea au mpira ukioza unazunguka maduka ya Gerezani yote wanakuonyesha za saizi nyingine. Tundu la koki liwe milimita 35, hilo karibu kila mixa inakaa. Na dukani muulize, kartriji yake unayo uiuze peke yake? Ya milimita 35 au ya 40? Akitoa pale pale kwenye droo, nunua mixa na kartriji ya akiba siku hiyo hiyo uiweke kwenye kabati la chini ya sinki. Akikwambia hizi haziharibiki dada, shukuru, nenda duka la pili.

Mwisho kabisa, mwambie fundi aweke ango valvu, vile vikoki vidogo vya kufungia maji, chini ya sinki, moja kila hosi. Mafundi wengi wanaruka hapo wanaunga hosi moja kwa moja ukutani, halafu siku hosi imepasuka saa tano usiku unatoka na kanga mpaka kwenye mnara kutafuta pa kufungia maji.