Pikapu ya sadaka na kodi yangu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina Ford F-150 ya 2006 hapa Houston. Gia inasita, boneti imepauka kwa jua, na mwanangu anaona haya kushushwa nayo shuleni. Nikiipa taasisi ya hisani, kodi itapungua kwa thamani yote ya gari?
Baba Watatu, Texas

JIBU: Marahaba, baba. Polepole. Taasisi nyingi haziendeshi magari hayo, huyapeleka mnadani. Yako ikiuzwa dola 900, utadai 900 tu, hata kama zinazofanana nayo zatangazwa kwa 4,000. Wakiitumia wenyewe, tuseme kugawa chakula, hapo thamani ya soko inakubalika. Na hiyo hupunguza kipato kinachotozwa kodi, si kodi yenyewe, tena kwa anayeorodhesha makato yake (gharama na sadaka zinazoruhusiwa kuondolewa kwenye kipato) moja moja. Wengi wetu hatuorodheshi! Toa kwa sababu unataka kutoa.

Idai taasisi ikupe fomu 1098-C, hati ya kodi inayothibitisha gari ulilotoa. Kwenye hati ya umiliki wa gari andika jina la taasisi kwa mkono wako. Anayekuja kulivuta usimpe hati yenye saini na nafasi tupu. Ng'oa vibao vya namba, ujulishe idara ya magari ya Texas ndani ya siku 30, la sivyo bili za barabara za kulipia zitakufuata wewe. Na pekua chini ya viti.