Bizinesi klasi toka Mbeya mpaka Guangzhou: lipia kitanda, usilipie pazia

Mkuu uliyeuliza kama inalipa kuongeza hela upande bizinesi kwenye hiyo safari yako ya Guangzhou, umesema unaanzia Songwe (uwanja wetu wa ndege wa Mbeya), wakala kakutajia bei karibu mara tatu ya ikonomi na unaenda kufata mzigo wa spea kwa siku chache tu. Wengi hapo juu wamekujibu "kama hela ipo panda", wengine "hiyo anasa, ongezea mzigo". Mimi naona majibu yote mawili hayakusaidii kwasababu bizinesi sio kitu kimoja. Kuna ndege bizinesi yake ni kitanda kabisa, unanyoosha miguu mpaka mwisho, na kuna ndege bizinesi yake ni siti pana kidogo na pazia la kukutenga na watu wa nyuma, na zote mbili kwenye tiketi zinaandikwa jina lilelile. Nimekaa mbele na nimekaa nyuma, safari za biashara (nina duka la spea Mwanjelwa) na safari ya kumpeleka mama India kwa matibabu, kwahiyo nitaandika kwa urefu kidogo mnivumilie.

Tuanze na hapa nyumbani maana hapa ndo pepesi. Songwe kwenda Dar usilipe bizinesi. Ile Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina siti 12 za bizinesi na 120 za ikonomi, mbele wanakaa wawili wawili, nyuma wawili upande mmoja watatu upande wa pili, na mwendo wenyewe ni saa moja na dakika zake. Ukishapaa, ukanywa juisi, wanatangaza mnaanza kushuka. Ukitaka raha ya bei ndogo omba ikonomi upande ule wa siti mbili, dirishani, basi umemaliza. Anayestahili kulipa hapo ni mtu ambaye ratiba yake inabadilika badilika, labda kesi imeahirishwa au kikao kimesogezwa, maana tiketi za mbele mara nyingi masharti ya kubadili tarehe ni mepesi zaidi, lakini soma masharti ya tiketi yako sio ya jirani.

Ila kwa sisi wa huku juu kuna hela inatakiwa itumike kabla hata hujafikiria bizinesi, nayo ni hela ya kulala Dar. Nawaona watu wanakata Songwe–Dar tiketi yake, halafu Dar–China tiketi nyingine kabisa ya shirika lingine, wameacha saa tatu katikati. Mnaujua ukungu wa huku. Ukishuka ukungu Songwe ndege haitui, inazunguka au inarudi ilikotoka, mbele na nyuma wote mnarudi, na lile shirika la kimataifa halina habari na wewe kwasababu kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Kama safari yote ipo kwenye tiketi moja hapo wana wajibu wa kukutafutia ndege nyingine. Kama ni tiketi mbili, shuka Dar siku moja kabla, au panda basi la usiku (tangu Oktoba 2023 yalivyoruhusiwa tena hili limekuwa rahisi), lala, oga, nenda airport umetulia. Mtu ana tiketi ya bizinesi ya mamilioni halafu ndege yake ya Songwe inafika Dar milango imeshafungwa, inauma sana kuona.

Sasa twende kwenye safari ndefu. Kihistoria bizinesi klasi ilivyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 70 (Qantas wao waliiweka 1979) ilikuwa ni siti pana, chakula kizuri na kukaa mbali na kelele, basi. Kitanda bapa kwenye bizinesi wamekileta British Airways mwaka 2000, na baada ya hapo mashirika makubwa yakaanza kufata mmoja mmoja. Lakini hayajamaliza. Bado zipo ndege siti inalala kwa mteremko, yaani umelala lakini usiku kucha unateleza kwenda miguuni, na kwenye vile vindege vyembamba vya saa mbili tatu mara nyingi siti inaegemea nyuma tu kama ya basi zuri. Kwahiyo safari yako ya kwenda China kwa kupitia Addis, Doha au Dubai ina vipande viwili, kipande kifupi cha kutoka Dar na kipande kirefu. Bei uliyotajiwa inakutoza vyote. Muulize wakala swali moja: kipande kirefu ni ndege aina gani na siti inalala bapa au hailali. Akisema "mkuu ni nzuri tu usijali", tafuta wakala mwingine.

Halafu piga hesabu ya saa za kulala. Tuseme tofauti ya bei ni milioni 5 na kitanda utakitumia saa 10 za usiku. Hiyo ni laki 5 kwa kila saa. Toa saa ya kupaa na kula, toa nusu saa ya kutua, bei ya saa moja ya usingizi inazidi kupanda. Sasa linganisha na kitu kingine kabisa: panda ikonomi, fika Guangzhou siku moja mapema, chukua chumba pale mtaa wa Xiaobei ambako Waafrika wengi tunafikia, lala usiku mzima kitandani, kesho yake ndo uende kwa wauzaji. Hela ya chumba cha usiku mmoja haisogelei hata saa moja ya ile ya ndege. Kwa mfanyabiashara mwenye siku ya ziada jibu ni hilo na mimi ndivyo ninavyosafiri mara nyingi.

Tatizo linakuja pale ambapo siku ya ziada huna. China wako mbele yetu kwa saa 5. Ukitua asubuhi saa 2 ya kwao, mwili wako uko saa 9 usiku ya Mbeya, halafu uende moja kwa moja kukagua mzigo, kuhesabu beringi, kuangalia kama ni orijino au kopi, kubishana bei kwa kalkuleta na mtu ambaye amelala vizuri. Hapo mtu anaweza kupoteza hela kubwa kuliko tofauti ya tiketi. Kipindi cha Canton Fair ndo zaidi, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yanafanyika kila mwaka Aprili na Oktoba tangu 1957, vyumba vinapanda bei, kila mtu ana haraka, na ukikosa muuzaji wako siku ile humpati tena. Kama ratiba yako ni ya kushuka na kuanza kazi palepale, na ndege ni ya usiku, na siti inalala bapa, lipa bila kujilaumu. Vitu vyote vitatu viwepo. Kikikosekana kimoja mimi silipi.

Kuna wanaosema bizinesi inalipa kwasababu ya kilo. Hebu tuhesabu. Mashirika mengi ya njia zetu ikonomi wanatoa mabegi mawili ya kilo 23, yaani 46. Bizinesi nyingi ni mawili ya kilo 32, yaani 64. Umeongeza kilo 18. Ukiwa umebeba spea za chuma kilo 18 ni maboksi machache tu ya beringi. Uliza bei ya kilo za kago ya ndege halafu linganisha, utaona kilo peke yake haiwezi kubeba tofauti ya mamilioni, ni nyongeza nzuri ukiwa umeshaamua kwa sababu nyingine.

Na launji (ukumbi wa kupumzikia pale airport) pia nzuri, ukiwa na transiti ya saa 7 kuoga na kula kwa utulivu sio kitu kidogo. Ila angalia, siku hizi kuna bizinesi za bei ya chini ambazo launji haimo. Emirates walianza kuuza za hivyo 2019, Qatar nao wakaja na yao inaitwa Business Lite 2020. Siti ileile, kitanda kilekile, ila launji hauingii na kubadili tarehe ni kwa masharti. Kwa mtu kama wewe hiyo inaweza kuwa ndo ya kuitafuta, maana umenunua kitanda bila mapambo.

Kuhusu afya watu wanachanganya sana. Hewa ya ndani ya ndege ni moja, mbele na nyuma. Ndege nyingi zikiwa juu zinakaza hewa ya ndani ifanane na ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 2,400 hivi, na Boeing 787 wao wanaishusha mpaka kama mita 1,800. Mbeya mjini tupo kwenye mita 1,700, kwahiyo ndani ya 787 unapumua karibu hewa ya hapahapa Soweto ya Mbeya, na ndani ya ndege za zamani ni kama umeshika njia ya kupanda Kitulo. Kulipa bizinesi hakukuongezei pumzi. Na ile habari ya damu kuganda miguuni, utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 ulionyesha hatari inaongezeka karibu mara mbili kwa mtu anayekaa bila kujongea saa 4 au zaidi, na sio ndege tu, hata basi, treni na gari dogo. Ndugu zangu wa Mbeya–Dar kwa basi, wa saa kumi na zaidi, hilo linatuhusu kuliko hata wa ndege. Simama, tembea koridoni, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Siti ya koridoni ya ikonomi inakutosha kwa hilo.

Ila kuna hali moja ambayo kwangu bizinesi sio anasa hata kidogo, nayo ni mgonjwa. Mama alifanyiwa operesheni ya mgongo India. Kwenda tulimpandisha ikonomi, siti ya koridoni, alivumilia. Kurudi daktari akasema asikae wima muda mrefu. Tukaitisha kikao cha ukoo Tukuyu, mimi nikiwa kwenye simu. Baba mdogo akasema mwanangu, hiyo hela ni mifuko mingapi ya mbolea, na msimu ndo huu unaanza. Na ni kweli, kwa mtu wa shamba hiyo ni hela ya kulimia. Nikamueleza taratibu, baba, hatununui ukubwa, tunanunua kitanda cha kumfikisha mama bila ule mgongo kuharibika tena. Akanyamaza, akasema sawa, na akachangia wa kwanza kutoka kwenye hela yake ya parachichi. Sijasahau hilo.

Mambo tuliyojifunza pale naomba wenye wagonjwa wayashike. Shirika linaweza kutaka fomu ya daktari, wanaiita MEDIF, ijazwe kabla ya safari, na bila hiyo wanaweza kumkatalia mgonjwa pale kaunta hata kama ana tiketi ya bizinesi. Kupaa na kutua siti lazima iwe wima, hakuna kulala, kwahiyo daktari athibitishe kwamba mgonjwa anaweza kukaa kama nusu saa. Asiyeweza kabisa anahitaji machela na hiyo ni bei nyingine mbali sana. Shirika tulilopanda lilitaka msindikizaji akae nae karibu, ikabidi tununue siti mbili za mbele, mdogo wangu akakaa nae mimi nikakaa nyuma, ulizeni hilo mapema kabla hamjaanza kuchangishana. Na kiti cha magurudumu ni bure, hata ikonomi, unaomba siku mbili kabla wanakuja mpaka mlangoni. Naumia nikisikia watoto wamemkatia mzee bizinesi ili tu apate kiti cha magurudumu. Mama alilala njia nzima, tulivyoshuka Dar akanishika mkono akasema ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), akatembea mwenyewe hatua kadhaa mpaka kwenye kile kiti.

Turudi kwako. Kabla ya kulipa bei nzima jaribu njia mbili. Nunua ikonomi halafu angalia kama shirika linakuruhusu kuweka dau la kupandishwa, mengi yanatuma barua pepe siku chache kabla ya safari, unaandika kiasi chako, wakikubali wanakata, wakikataa hujapoteza kitu. Weka dau kwenye kipande kirefu tu, kile cha Dar kiache. Hakikisha tu tiketi yako ni ya aina inayoruhusiwa, maana zile za bei ya chini kabisa nyingine haziruhusiwi. Njia ya pili ni kuuliza siku yenyewe kaunta, siti za mbele zikibaki wazi wanauza kwa bei ya kuokoa, ila hapo usiende na matumaini makubwa. Kuna pia daraja la katikati, Emirates walianza kuliuza 2022 na KLM mwaka huohuo, nafasi ya miguu inaongezeka lakini sio kitanda, kwahiyo kwa usiku mmoja na kazi asubuhi mimi silihesabu.

Kwa ulivyoeleza, siku chache na kazi ni siku ileile ya kutua, naona uweke dau kwenye kipande kirefu na uwe na kiwango ambacho huvuki, au uondoke siku moja mapema. Mpigie wakala akutajie aina ya ndege na saa ya kuondoka, ziweke hapa nikuangalizie siti zake zimepangwaje na kama zinalala bapa.