Kwa nini daktari anilipishe kujaza fomu?

SWALI: Daktari, mwanangu amepata nafasi shule ya bweni na tukapewa fomu ya afya ya kurasa mbili ijazwe. Kliniki tunayotibiwa ikatutoza shilingi 1,000. Wiki hiyohiyo nilipeleka fomu ya bima yangu ya binafsi, nikaambiwa 2,500 na nirudi baada ya siku tatu. Mimi hukatwa SHA kila mwezi, na daktari huyo ananijua miaka mingi. Sahihi na muhuri tu vinagharimuje hivyo? Dada yangu aliyeko Uingereza anasema huko daktari ni bure. – Mzazi, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Pole, mama. Najua mwezi wa kufungua shule unavyokaba: karo, godoro, sanduku la bati, kisha mtu anakudai elfu moja ya karatasi. Nina kliniki hapa Kisumu na swali lako hunifikia mapokezi karibu kila siku, kwa hivyo nitakujibu kama ninavyowajibu wagonjwa wangu.

Makato kwanza. Bima ya Afya ya Jamii, hiyo SHA unayokatwa, ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Pesa hizo ni za kumtibu mgonjwa. Fomu ya shule haimtibu mwanao. Shule ndiyo inayotaka kujua kama ana pumu, kifafa au selimundu, ugonjwa ambao sisi wa kando ya ziwa tunaujua vizuri, ili matroni asije akapigwa na butwaa usiku wa manane. Ni haki yao kujua, lakini kazi hiyo haimo katika yale ambayo SHA inayalipia. Ndiyo maana gharama inakuangukia wewe.

Sasa hiyo ya bima, maana hapo ndipo neno "sahihi tu" huniuma kidogo. Acha nikueleze kilichotokea mezani pangu jioni moja. Mama mmoja, mfanyabiashara wa Kibuye, aliniletea fomu ya kurasa nane. Alikuwa amelazwa kwa kiharusi kidogo na kampuni ilitaka maelezo kabla ya kumlipa. Swali la kumi na moja lilikuwa fupi: presha ya mgonjwa iligunduliwa lini kwa mara ya kwanza? Yeye alichukua bima mwaka 2020. Mimi nilimwanzishia dawa za presha 2021. Ningeandika 2021, nipige muhuri, niende nyumbani.

Lakini alikuwa na daftari lake la zahanati, lile la shule lenye jalada la bluu, kona zimeliwa na maji. Nililipekua ukurasa kwa ukurasa. Katikati, kwa kalamu iliyofifia, nikakuta mhudumu ameandika mwaka 2019: malaria, joto nyuzi 39.1, presha 148/92. Basi. Hakuna dawa ya presha, wala hakuna aliyemwambia lolote.

Namba hiyo moja ingeweza kumnyima mama huyo madai yote. Afisa wa bima akiiona bila maelezo, atasema ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima na mteja aliuficha. Na mimi nisingeweza kuificha, kwa sababu ningekuwa nasema uongo kwa maandishi. Kilichobaki ni kueleza ukweli wote: kwamba presha haitambuliwi kwa kipimo kimoja, sembuse cha mtu anayetetemeka kwa homa, hurudiwa siku nyingine akiwa ametulia. Nikalinganisha na vipimo vya 2020 vilivyomo kwenye faili langu, vyote vya kawaida, nikaandika aya mbili, nikaambatisha nakala. Ilinichukua dakika hamsini. Kwa muda huo ningeona wagonjwa watatu. Muhuri wenyewe ulichukua sekunde moja.

Unacholipia, basi, ni ushahidi. Nikishaandika jina langu na namba yangu ya usajili, nimeapa kwamba nilichosema ni kweli, na Baraza la Madaktari linaweza kunisimamisha kazi nikipatikana nimetoa cheti cha uongo. Fomu ya P3, ile ya kuthibitishia polisi majeraha ya mtu aliyeshambuliwa, ni mfano wa wazi zaidi. Polisi huitoa bila malipo, lakini anayeijaza lazima apime majeraha, akadirie yalitokea lini na kwa kifaa gani, na aseme kama ni madhara ya kawaida, madhara makubwa au ya kulemaza, kwa sababu shtaka litategemea neno hilo. Miezi kadhaa baadaye anaweza kuitwa mahakamani Winam akae benchi mchana kutwa akisubiri kuhojiwa na wakili. Nimekaa hapo, nazungumza ninachokijua.

Hata hivyo sitaki ufikiri kila karatasi ina bei. Kuna mambo ambayo nikisikia daktari mwenzangu ameyalipisha, moyo wangu haukubali. Barua ya rufaa ni sehemu ya matibabu: nikishindwa na ugonjwa wako, kukuelekeza kwa mwingine ni wajibu wangu, na ulishalipa kuonwa. Cheti cha mapumziko nacho ni hivyohivyo kikiandikwa palepale unapotibiwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba kwa nusu malipo kila mwaka, mradi awe na cheti kilichotiwa sahihi na daktari. Kumtoza mgonjwa kwa cheti hicho ni kumuuzia haki yake. (Anayekuja wiki mbili baadaye akiomba "unisaidie na tarehe za nyuma", huyo simwandikii hata kwa pesa.)

Nakala ya rekodi zako pia. Watu wengi hawajui hili, na ningependa ulishike: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kupata taarifa zako za afya, na kanuni za 2021 zinaipa kliniki siku saba kukupa, bila malipo. Daktari anaweza kukutoza kwa ripoti mpya anayokaa kuitunga. Yaliyokwisha kuandikwa juu yako hayauzwi. Na aliyenajisiwa au kubakwa asikubali kudaiwa shilingi katika hospitali ya umma. Gharama ya matibabu yake sheria imeibebesha serikali tangu 2006.

Kuna swali jingine ambalo wagonjwa huuliza mara chache mno: nani anaitaka hii karatasi? Mwajiri anayetaka upimwe kabla ya kuanza kazi, mwulize kama atalipa. Ukiumia kazini, gharama za matibabu ni za mwajiri kwa sheria ya fidia ya 2007, kwa hivyo peleka risiti zote, pamoja na ile ya ripoti. Wakili akitaka ripoti ya kesi yako, iingizwe kwenye gharama za kesi. Kampuni nyingine za bima hurudisha ada ya fomu ukiwasilisha risiti, nyingine hazirudishi; piga simu kabla ya kulipa. Nimeona watu wakitoa pesa zao za mboga kwa karatasi ambayo mwajiri ndiye aliyeihitaji.

Dada yako hajakosea, ila hajamaliza. Uingereza kumwona daktari wa NHS, huduma ya afya ya serikali yao, hakulipiwi mlangoni tangu 1948, na barua ya kuthibitisha ugonjwa kwa mwajiri ni bure mtu akiugua zaidi ya siku saba. Lakini akitaka fomu ya bima ya safari au barua ya shule, daktari wa familia anaruhusiwa kumtoza, kwa sababu ileile: kazi hiyo haimo kwenye mkataba wake na serikali. Huko nako watu wanalalamika.

Kosa la kliniki yako naliona kwenye namna ya kuambiwa. Bei ya fomu ingepaswa kubandikwa mapokezi, na ungeambiwa kabla hujaiacha, pamoja na sababu ya zile siku tatu. Una haki ya kuuliza, kuomba risiti, na kuomba upunguziwe. Mimi hupunguza, na kwa mjane au mwanafunzi mara nyingi sichukui kitu. Daktari anayekujua miaka mingi hatakasirika ukimwuliza.

Na kuhusu fomu ya mwanao, itazame tena kabla hujaipeleka shuleni. Kwa 1,000 alipaswa kupimwa uzito, macho, kifua na moyo, na chanjo zake kulinganishwa na kijitabu cha Mama na Mtoto. Kama hakuvuliwa hata shati, irudishe. Nenda naye asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, ubebe na kile kijitabu, uwaambie unataka apimwe kile ulicholipia.