Madogo wa kambi za upimaji, njooni hapa kidogo

Jumamosi nilipita Mnazi Mmoja kwenye kambi ya kupima presha na sukari, nikasimama pembeni kama mteja. Jamani madogo! Mtu katoka kwenye foleni juani hata hajapumua, mshamvuta mkono mnafunga kafu (kile kitambaa cha kujaa upepo) huku mnamuuliza anaishi wapi na ana watoto wangapi.

1. Akae dakika tano kwanza. Mgongo uegemee, asikunje nne, mkono usawa wa moyo, na asiongee. Na nyie msimwongeleshe. Kama kabanwa mkojo aende kwanza, mkojo nao unapandisha.

2. Kafu. Ikiwa ndogo kwa mkono, inasoma juu kuliko ukweli. Hapa ndo kwenye dhambi yangu. Mwaka wangu wa kwanza tulienda Mbagala Rangi Tatu na kafu ya saizi ya kati tu, ile kubwa ilibaki kabatini na aliyetakiwa kuibeba ni mimi. Nikajisemea si kitambaa tu, itaenea. Akaja mama ntilie mmoja, mkono umejaa, kafu ikijaa upepo inaachia, basi nikaishikilia kwa kiganja (msicheke), ikasoma 162/100. Nikamwambia kwa sauti mbele ya foleni nzima, "mama, una presha kubwa wewe", nikaandika, nikaita anayefuata. Sikurudia. Wiki tatu mbele analetwa pale kazini, kaanguka jikoni pembeni ya sufuria ya maharage. Kumbe alitoka pale akaenda kwa jirani mwenye presha wakawa wanagawana vidonge, anameza asubuhi na jioni bila kuruka maana dokta kasema. Safari hii kafu kubwa ilikuwepo: 88/54. Dawa zilipoisha mwilini, 126/80. Presha hakuwa nayo, nilimpa mimi. Na wala hakunigombeza, aliniuliza tu, "mwanangu, kwahiyo hizi zilizobaki nimrudishie jirani?"

3. Ikifika 140/90 subiri dakika moja mbili, pima tena. Hata ikibaki hapo bado hujamwambia mtu ni mgonjwa, unampa karatasi ya rufaa yenye jina la kliniki na siku, sio "nenda hospitali". 180/120 na kifua kinabana au mkono umelegea, hapo hakuna karatasi, tafuta gari.

4. Namba ya simu, yake na ya mtu wa nyumbani. Bosi atataka idadi ya waliopimwa, mpeni, ila nyie hesabuni waliofika kliniki.

5. Betri za akiba. Na futi ya fundi cherehani ya kupimia mkono mjue afungwe kafu ipi, Kariakoo zimejaa.

Kafu kubwa pale kwetu inaitwa Mama Maharage. Kuna intani mwaka jana aliijaza kwenye fomu ya oda, akadhani ni jina la kampuni.